Eksirei ya mgongo ilivyomnusuru bibi aliyeitwa mchawi kule Bariadi

Mwangaluka wakuu.

Hili sikusimuliwa, nilikuwepo. Nimebadili majina tu.

Ni miaka ya tisini, wanunuzi binafsi ndio wameanza kugombania pamba yetu. Mimi clinical officer kijana, kituo cha afya jirani na Dutwa. Simiyu haijawa mkoa bado, tuko Shinyanga.

Asubuhi moja Ndaki akamleta mkewe Minza kwa baiskeli, kamfunga kanga asidondoke. Miguu imekataa kazi. Mgongo ulianza kuuma wakati wa palizi, wakadhani ni jembe.

Ila nyumbani jibu walishapata: kalogwa na mama mkwe wake, bibi mwenye macho mekundu.

Wa kanda hii mnajua hayo macho yaliwaponza bibi wangapi, kumbe ni moshi wa jikoni tu. Bibi alishakimbilia kwa kaka yake, kijiji cha Lingeka. Kaka zake Minza walikuwa wameapa kumfuata.

Nikampima. Kugonga goti, mguu ukaruka kama umepigwa shoti. Kukwaruza unyayo, kidole gumba kikapanda juu badala ya kujikunja. Chini ya kitovu hasikii hata pini. Nikapitisha vidole kwenye uti wa mgongo, katikati nikakuta kinundu.

Hapo sikubabaika wakuu. Miguu ilikuwa inaonewa tu, ugonjwa uko mgongoni. Nikahisi TB ya mifupa.

"Mayu, huu si ulogi," nikamwambia Minza.

Ndaki akadakia, "Basi nionyeshe dokta. Mashemeji zangu hawaamini maneno."

Tukamlaza siti ya nyuma ya basi mpaka hospitali yenye eksirei. Picha ikatoka: pingili mbili zimeliwa, nafasi kati yake imepotea, pembeni kuna kivuli cha usaha. Daktari wa pale akakubaliana nami. Dawa za TB zikaanza.

Ile picha nikaiomba, nikaenda nayo kwa kaka zake Minza. Nikaiinua juani. Mkubwa wao, Masanja, akaifuata kwa ukucha pingili moja moja, akasimama pale palipoharibika.

"Hapa ndipo?"

"Hapo hapo."

"Na yule bibi?"

"Hana analolijua."

Akakaa chini. "Tungeua mtu bure," akasema.

Minza alilala miezi, akaja kusimama kwa fimbo, mwisho akatembea. Safari yake ya kwanza ikawa Lingeka kumrudisha mama mkwe. Ndaki alitaka aende yeye. Minza akakataa.

"Mimi ndiye niliyemtaja kuwa mchawi," alisema.

Walirudi pamoja, bibi amemshika mkono.

Funzo langu: mgongo ukiuma muda mrefu na miguu ikaanza kulegea au kukakamaa, wahi hospitali. Na ukiwa mtabibu, usiishie kuandika dawa ya maumivu. Mvue mgonjwa shati, pitisha mkono mgongoni.

Waliopitia haya, hasa wa Maswa na Meatu, uwanja ni wenu. Kwenu hiki kinundu walikiitaje?