Ishara ya Fikirte

Kila asubuhi, kabla ya kuvuka kizingiti, Fikirte hugusa paji la uso, kifua, bega la kushoto, kisha la kulia. Majirani zetu wa mtaa wa Gulele humsifu kwa uchaji wake. Kumbe anakagua: miwani, kitambulisho, mkoba, sweta. Siku asipojigusa, kimojawapo hubaki nyumbani.

Ana miaka kumi na saba. Shuleni walimwita kibitibit, mtoto asiyetulia, hadi daktari alipomweleza kwamba ana ADHD: akili yake hukimbilia kila kinachopita, na huo si uvivu wala utundu. Vidonge vilimsaidia kiasi. Msaada mwingine aliutafuta mwenyewe, kwa kuwakusanya wenzake wenye hali hiyo kila Jumamosi katika ukumbi wa zahanati ninayofanyia kazi. Huko halazimishwi mtu kuketi. Wanachambua dengu za mama zao huku wakisimuliana walichosahau wiki hiyo na mbinu walizojaribu. Anayechoka huinuka akazunguka. Sijaona mwenye subira na wenzake kama Fikirte, yeye asiyeweza kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi.

Jumamosi moja aliingia Zewditu, mama yake Rediet, msichana wa darasa la nane katika kundi hilo.

"Inuka, twende! Nilidhani unafundishwa kitu, kumbe unachambua dengu za watu. Za kwangu nyumbani huzioni?"

Alikuwa ameshaamua: Rediet aache shule kabla ya mtihani, apelekwe kwenye maji ya baraka ya kanisa mlimani, yanayoaminiwa kuponya, akae huko hadi atulie.

"Juzi nilimtuma chumvi," alituambia, "akarudi na paka!"

"Alikuwa paka mzuri, mama," Rediet akasema. Wenzake wakacheka. Zewditu hakucheka.

Fikirte akamvutia kiti. "Keti kidogo, mama. Mtume tena, sasa hivi. Vitu vitatu."

"Vitatu? Kimoja tu kimemshinda!"

"Mtume tu, mama yangu."

"Haya. Chumvi, vitunguu, mkaa."

Rediet akagusa paji la uso: chumvi. Kifua: vitunguu. Bega la kushoto: mkaa. Zewditu, akidhani binti anaomba, naye akafanya ishara ya msalaba upesi na kuinamisha kichwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Rediet alirudi na chumvi na vitunguu. Mama yake akafungua kinywa, lakini Fikirte akamgusa mkono, anyamaze. Rediet akajigusa paji, kifua, bega.

"Yoo, mkaa!" Akatoka mbio bila kutumwa.

Zewditu aliutazama mlango. "Mimi humfokea mpaka koo linaniuma. Hajawahi kukumbuka mwenyewe." Akavuta sinia la dengu, akaanza kuchambua. "Basi afanye mtihani kwanza. Maji ya baraka hayatakauka."

Walipoondoka na mkaa wao, nilimuuliza Fikirte angefanya nini kama mama yule angekataa.

"Ningemwomba mama yangu akanywe kahawa kwa mama Rediet, ambembeleze," alisema. "Kila siku, mpaka akubali."