Mwiba wa Kufumia Lesi

Kwenye kadi ya Jacira, msichana wa miaka tisa, zahanati iliandika maneno mawili: uzembe nyumbani. Aliyeyaandika hakuwahi kukanyaga Morro do Caju, ambako nyumba zimejengwa juu ya kilima cha mchanga, hazina sakafu, na maji hupanda kwa ndoo kichwani. Bibi yake mtoto, Dona Erotildes, hakujua kusoma. Alisomewa na jirani, naye akatembea na maneno hayo kama mtu mwenye changarawe ndani ya kiatu.

Mzembe, mwanamke aliyefagia mara tatu kwa siku, kana kwamba mchanga huisha.

Kazi yake ilikuwa kufuma lesi. Juu ya mto uliojazwa majani makavu ya mgomba alizishikilia nyuzi kwa miiba ya dungusi kakati, kama mama yake alivyomfundisha. Mmoja wa miiba hiyo, mrefu kuliko yote, ndio aliotolea funza. Kila alasiri watoto walipanga foleni mlangoni pake. Alichokonoa, akakamua kile kifuko cheupe cha mayai, akapaka jivu la tumbaku, akaufuta mwiba kwenye sketi na kumwita anayefuata. Mtaa mzima ulimsifu kwa mkono mwepesi. Watu wazima walifanya mzaha, wakidai kwamba muwasho wa funza ni mtamu.

“Niachie mmoja, Dona Erotildes,” Raimundo wa nyumba ya pili alikuwa akisema, “wa kunitekenya, maana mke kanikimbia.”

Mzaha uliisha Jacira alipoanza kutembea kwa visigino. Shuleni mwalimu alimketisha peke yake dirishani kwa sababu ya harufu. Baada ya wiki mtoto akakataa kwenda. Kidole gumba kikavimba, kikawa cheusi, na cha pili kikafuata. Bibi akazidisha bidii, akichokonoa asubuhi na jioni. Kadiri alivyochokonoa, ndivyo mguu ulivyooza.

Lucineide, mhudumu wa afya wa mtaa, alifika siku ya nne ya homa. Hakumkaripia bibi. Aliomba kuuona mwiba, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, kisha akauliza umepita katika miguu mingapi wiki ile.

Erotildes alihesabu hadi vidole vya mikono vikamwishia.

“Kumi na minne. Na ya mbwa wa Raimundo.”

“Mama yangu, funza huchimba shimo tu. Mwiba ndio unaoingiza humo usaha wa mguu wa mtoto mwingine.”

“Basi ni mimi niliyemuua mjukuu wangu.”

“Hajafa. Na mchanga huu hukuuleta wewe, wala nyumba hii hukuinyima sakafu wewe. Lakini mwiba, ndiyo, uache.”

Akamweleza kwamba yako mafuta mazito ya dawa yanayomziba funza pumzi akafa humo humo bila kuchokonolewa. Kwamba chanjo ya pepopunda ni ya lazima. Kwamba mtoto avae viatu, mbwa atibiwe, na ardhi ya ndani ilowanishwe kila siku. Erotildes akauliza ilowanishwe kwa maji yapi. Lucineide akafungua mkoba. Mlikuwa na chupa moja ya mafuta hayo, ya kilima kizima.

Hospitalini Jacira alikatwa vidole viwili. Alipozinduka aliuliza swali moja tu.

“Bibi, na funza wameondoka navyo?”

Watoto waliendelea kuja mlangoni alasiri, nyayo zikiwawaka, na bibi akawarudisha. Mama zao walimsema kisimani: kashakuwa daktari siku hizi, miguu yetu inamnukia. Aliuvunja mwiba mbele yao, akafunga safari hadi ofisi za manispaa kuomba saruji, akarudi, akaenda tena. Mara ya tano karani alimwambia kwamba kilima chao hakimo kwenye ramani. Alimwonyesha picha ya mguu wa mjukuu wake. Karani akamwomba aiondoe mezani.

Tarehe 6 Novemba 2014 saruji ilimwagwa katika nyumba kumi na moja za chini, pale lori lilipoishia. Nyumba ya Dona Erotildes haikuwemo, na maneno mawili kwenye kadi ya Jacira hayajafutwa.