Kuni za Mama Naserian

Juzi hapa Kitengela nilimwona msichana amebeba mtungi wa maji mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na shingo yangu ikakakamaa.

Nilikuwa darasa la pili. Jirani yetu, Mama Naserian, alitupeleka mimi na binti yake kuona nyumbu ukingoni mwa mbuga. Tukirudi, aliokota kuni. Nyasi zilinuka vumbi na samadi. Nyumbu walikuwa wakiguna, kisha wakanyamaza wote na kutuangalia. Nilidhani wanatuaga.

Mama Naserian alishusha kuni zake, akazigawa mafungu mawili, akatufungia mgongoni, kamba kwenye paji.

"Mama, mimi ni mgeni!" nikalalamika.

"Mgeni gani anamaliza maziwa yangu kila siku? Tembea mbele. Pole pole."

Naserian, ambaye hucheka kila kitu, hakucheka. Nyuma yetu nyasi zilichakacha, zikanyamaza, zikachakacha tena. Nilitaka kuangalia, lakini kamba ilinizuia kugeuza shingo. Mama Naserian alitufuata akisimulia habari za mbuzi wake, bila kupumzika, mpaka tukaona mabati ya kwetu.

Nilimshtaki kwa mama yangu kwamba amenifanya punda. Mama akaenda kumuuliza, akarudi, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi.

Siku hizi naelewa. Mtoto akimwona simba hukimbia, na simba humfukuza anayekimbia. Mzigo ule ulituzuia kukimbia na hata kugeuka.

Yeye, aliyebaki nyuma, hakubeba chochote. Angeweza kukimbia.