Ndiga za Mama

Miaka mitatu nyuma, siku nilipompeleka mama kuona michoro ya wanawake wenyeji wa Australia, akili yake ilikuwa imeshaanza kumpotea. Mimi si mtu wa michoro. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na siku yangu ya mapumziko nilitaka tu atoke kwenye fleti yetu ya Kilburn, huku ughaibuni, alikoshinda akiniuliza lini tutarudi Pemba. Jumba la maonyesho lilikuwa la bure, na ndani mlikuwa na joto.

Ukutani vilitundikwa vitambaa vikubwa vilivyojaa nukta na mistari: mbegu, matunda ya porini, mizizi inayochimbwa jangwani. Maelezo yalisema wachoraji walifundishwa vyakula hivyo na mama zao, nao sasa wanawafundisha binti zao. Mama alipita tu, mpaka akafika kwenye mchoro mweusi wenye mizizi myeupe iliyosokotana. Akasimama.

"Hizi ndiga," akasema.

Nilishtuka. Ndiga ni viazi vya mwituni vyenye sumu. Mwaka wa njaa ndivyo vilivyomwokoa yeye na nduguze. Nilipokuwa mdogo alipenda kunisimulia, nami nilikuwa naondoka. Niliona aibu kusikia kwamba kwetu watu waliwahi kula magugu.

"Mlizilaje, mama?"

"Unazimenya. Unazikata nyembamba, nyembamba kabisa. Unazilaza majini, halafu..." Akanyoosha kidole kuufuata mzizi. Mlinzi akatuomba turudi nyuma.

"Halafu?"

"Halafu unangoja."

"Siku ngapi?"

Alinitazama, akatabasamu kwa adabu. "Wewe mtoto wa nani, mwanangu?"

Jioni nilimpigia simu mama mdogo, Pemba. Akacheka. "Ndiga? Nani anakula ndiga siku hizi? Mimi nilikuwa mchanga, mama'ko ndiye aliyezijua. Usizijaribu, ukikosea siku zinaua."

Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alikuwa akisikiliza. Kiswahili anakielewa chote. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba viazi vimejaa dukani, kisha akarudi chumbani kwake.

Nilimrudisha mama kwenye mchoro ule wiki iliyofuata. Nikamsimamisha palepale, nikamwambia, "Tazama, ndiga." Akaniomba nimpeleke chooni. Nilipopata mapumziko mengine tulikuta maonyesho yamekwisha na mafundi wanapaka kuta rangi.

Sasa mama hasemi kabisa. Asubuhi namwogesha kabla sijaenda kuwaogesha wazee wa wenzangu, na nikirudi namlisha uji. Wakati mwingine bado namwuliza, kwa mazoea tu, "Siku ngapi, mama?" Anafungua mdomo, nami naweka kijiko.