Ncha ya Kanga ya Bibi Somoe

Harufu ya salfa hainipi raha. Hata leo nikipita kwenye duka la pembejeo pale sokoni, na wamefungua mfuko mmoja tu, macho huanza kuniwasha na miguu hutaka kukimbia. Mume wangu hunicheka. Anasema salfa bado iko dukani, mimi nimeshaanza kujisugua. Acha acheke, yeye ni mtu wa bara, hakukulia chini ya mikorosho.

Mimi nilikulia huko, kijiji cha ndani ukishaipita Rutamba, ambako kila mwaka mikorosho ikichanua watu wazima waliamka alfajiri kwenda kupulizia dawa kabla upepo haujaanza. Baba alibeba mashine mgongoni, ikinguruma kama pikipiki mbovu, na unga wa njano ukapanda matawini kisha ukaturudia sisi: kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye uji. Msimu huo kijiji kizima kilikuwa na macho mekundu na hakuna aliyeuliza kwa nini. "Salfa hiyo," walisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndiyo maana macho yangu hayakumshtua mtu. Yaliniwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Niliyafumba, nikayafumbua, nikayasugua kwa kiganja, kwa mgongo wa mkono, kwa kola ya shati la shule. Darasani sikutulia hata kidogo. Nilikimbia mwanga wa dirishani, nikainama chini ya dawati, nikamwomba mwenzangu anipulize jicho, nikasimama bila kuitwa. Mwalimu wetu wa darasa la tatu akanipa jina la Kiroboto, na darasa zima likalipokea kwa furaha. Na shule niliipenda, hilo mlijue. Nilipenda kusoma kwa sauti kubwa kiasi kwamba darasa la pili walikuwa wananisikia ukutani. Lakini herufi za ubaoni zilikuwa zimeanza kucheza, na mtoto asiyeona ubao hujitafutia kazi nyingine. Kazi yangu ilikuwa fujo.

Asubuhi wazazi wakiwa shambani, aliyetuandaa alikuwa Bibi Somoe, mama yake baba. Maji tuliyachota mbali, na ndoo ya asubuhi ilikuwa na majukumu yake: uji, vyombo, udhu wa Bibi. Nyuso zetu zilipata kilichobaki, yaani hakuna. Basi Bibi alishika ncha ya kanga yake, akaitia mate kidogo, akaanza na mdogo wangu Hamisi, ambaye macho na pua vilimtiririka mwaka mzima.

"Njoo, mume wangu, nikutengeneze. Watu wasije wakasema nimeolewa na kinyago."

Akimaliza Hamisi, ncha ileile ilikuja kwangu. "Haya na wewe, mke mwenzangu, lete uso." Ilikuwa na joto la mwili wake na harufu ya mafuta ya nazi na moshi wa jikoni. Alinishika kidevu, akanipangusa polepole kuanzia pembe za macho, na mimi, Kiroboto, nilisimama kimya. Ndio wakati pekee wa siku nzima nilipotulia.

Macho ya Bibi mwenyewe yalikuwa mabaya zaidi. Kope zake ziliota kuelekea ndani zikawa zinamchoma, na mchana alikaa mkekani mlangoni akanipa kibano chake cha chuma nimng'oe. Nilijivunia sana kazi ile. Aliniambia mama yake naye alikuwa hivyohivyo, na yeye ndiye aliyekuwa akimng'oa. Tulidhani ni mambo ya ukoo tu, kama wengine wanavyorithi upara.

Msimu wa salfa ukapita. Korosho zikaanza kudondoka, tukaziokota, na macho yangu yakabaki mekundu. Ungetegemea mtu ashtuke hapo. Wapi! Mama alisema safari hii salfa imeniingia sana, itatoka yenyewe. Mpaka leo nikikumbuka maneno yale nataka kugonga meza.

Kisha mwalimu akamwita Baba shuleni. Baba alirudi, akala, akanawa, ndipo akasema.

"Huyu shule imemkataa. Mwakani atakuwa na sisi shambani. Korosho haitaki mtu atulie."

Mimi nilitoka nje nikaizunguka nyumba, nikaizunguka tena, siwezi kukaa, siwezi kusimama, siwezi hata kulia vizuri maana machozi yenyewe yalichoma. Nilimwona Hamisi akichezea mchanga na nikamwonea wivu, kwa kuwa yeye shule alikuwa bado hajaionja.

Kabla muhula haujafungwa walikuja watu wa afya kutukagua macho. Nesi mmoja kijana alinishika kichwa, akaligeuza kope langu la juu nje ndani, akamwita mwenzake aje aone.

"Nyumbani nani mwingine ana macho kama haya?"

"Mdogo wangu na Bibi," nilimjibu kwa fahari. "Na Bibi huwa namng'oa kope mimi mwenyewe."

Akaniuliza tunakaa wapi. Jioni alikuja kwetu. Alimwamkia Bibi shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, akamsogezea nafasi mkekani. Kwa adabu zote nesi akaeleza kuwa si salfa na wala si ukoo. Ni vikope, ugonjwa wa kuambukizana. Unapita kwenye mikono, unapita kwa nzi, unapita kwenye kitambaa kimoja kinachofuta nyuso nyingi. Mtoto akiupata tena na tena, ukubwani kope zake hugeuka zikamchoma, na mwisho wake ni upofu.

Hapo hapo Hamisi akaja mbio, uso umelowa kamasi. Mkono wa Bibi ulikuwa umeshavuta ncha ya kanga kabla yeye mwenyewe hajajua. Ukaishia njiani. Akaitazama ile ncha kana kwamba si yake.

"Ina maana ni mimi?"

"Hapana, bibi. Ni ugonjwa."

"Lakini kanga ni yangu," alisema Bibi.

Tulipewa dawa, sote. Baba alirudi kwa mwalimu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo kwamba mtoto si mtundu, mtoto haoni. Nikahamishiwa dawati la mbele, na wiki baada ya wiki ubao ukatulia, na mimi nikatulia nao. Bibi alipelekwa Lindi mjini akarekebishwa kope. Aliporudi akawa mkali kama askari: maji ya uso kwanza, chai baadaye, na kila mtu kitambaa chake.

Lakini hakunigusa uso tena. Alisimama pembeni akaniangalia nikinawa, akanielekeza kwa kidole, "Hapo pembeni, bado." Nikaamini amenikasirikia kwa kuwa mimi ndiye niliyemtaja kwa nesi, na sikuthubutu kumuuliza.

Siku niliyoondoka kwenda sekondari ya bweni nililia mbele ya watu wote. Mama alinikumbatia, Baba alinipa mkono kama mtu mzima. Nikaenda kwa Bibi, nikamwinulia uso kabisa, machozi yakinitiririka. Alikuwa amefumbata mikono ndani ya kanga. Hakuitoa.

"Nenda ukanawe, mke mwenzangu. Gari linakuja."

Nilinuna safari nzima.

Sasa nina mtoto wa kike. Mwaka juzi nilipata kikohozi kibaya, daktari akaniambia nisimkaribie mpaka majibu yatoke. Mwanangu alisimama mlangoni akilia, ananinyooshea mikono, na mimi nikaikalia mikono yangu kitandani ili isiende kwake. Alinitazama kwa hasira niliyoifahamu vizuri. Majibu yalitoka salama, nikambeba siku hiyohiyo.

Bibi hakuwa na majibu ya kusubiri. Dawa tulishakunywa, macho yalishapona, na kitambaa safi kilikuwepo, lakini hakuiamini tena mikono yake mbele ya uso wangu. Aliizuia mpaka alipokufa. Kupangusa kwake nilikuona kila asubuhi. Kujizuia kwake nilikuita hasira, naye hayupo nikamwambie kwamba sasa nimekuona.