Kigae Cheupe cha Tatu

Mkamwana wangu ni Mjapani, na ndiye aliyetufundisha majongi, mchezo wa vigae wa watu wanne, nyumbani kwetu Uthiru, Jumapili baada ya ibada. Kila mchezaji hushika vigae kumi na vitatu na kuvificha; huo ndio mkono wake. Mwenzako akitupa kigae kinachokamilisha seti yako, unaweza kukichukua, ila seti hiyo utailaza wazi mezani. Mkono ukishafunguliwa hivyo, njia nyingi za kushinda hujifunga.

Mimi nimelelewa kwamba cha mtu hakikataliwi. Kila kilichonifaa nilikichukua, nikashukuru, nikalaza. Mwishowe seti zilitimia, lakini hazikuwa na hata sifa moja ambayo kanuni hudai ili mtu ashinde.

"Baba, hujapewa," mkamwana aliniambia. "Kimetupwa."

"Muache," mke wangu akasema. "Huyu kwa harusi hupokea hata sahani ya jirani."

Nikageuka, nikaanza kukataa kila kitu. Miezi ikapita nikingoja mkono mzuri uliofungwa, huku wenzangu wakishinda. Mimi ni mzee wa kanisa, na niliuita uvumilivu. Nikisema kweli mbele za Mungu, ulikuwa woga.

Kisha mwanangu na mkewe wakatuambia wanahamia Japani. Mimi na mama yao hatungeweza kucheza wawili, na sikuwa nimeshinda hata mara moja.

Jumapili ya safari tuliketi mezani tena. Katika mchezo wa mwisho nilikuwa na vigae viwili vyeupe, visivyo na mchoro. Vikiwa vitatu, hiyo ni sifa tosha hata mkono ukiwa wazi. Mwanangu akatupa cha tatu. Nilitazama vilivyobaki mkononi: vilikuwa karibu kutimia. Kungoja kungeniongezea alama tu, na sikuwa nikitafuta alama.

"Pon," nikasema, neno la kudai kigae kilichotupwa, nikavilaza.

"Mzee ameanza tena," mke wangu akasema.

Mkamwana akaviangalia vile vitatu.

Zamu mbili baadaye mke wangu akatupa kigae cha mianzi minne nilichokuwa nikikingoja. Nikafunua vyote. Mkamwana akapitisha kidole juu ya kila seti, polepole, kama anayesahihisha daftari.

"Umeshinda, Baba."

"Alama elfu moja tu," mwanangu akacheka. "Hakuna ndogo kuliko hiyo."

"Zinanitosha."

Mke wangu alikuwa tayari anachanganya vigae. "Hiyo tuseme ilikuwa ya mazoezi," alisema. "Ndege yenyewe ni saa nne usiku. Kaeni."