Shahada ya Pili ya Bwana Jefwa

Wallahi, hata mke wangu bado ananicheka. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha zamani, nami nilikuwa tarishi wa ofisi ya serikali hapa Kisauni. Asubuhi moja karani wetu, Bwana Jefwa, Mkristo wa Kigiriama, aliniambia: "Mzee Bakari, nimekata shauri. Nataka shahada ya pili."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza ninayo."

Subhanallah! Kumbe Mungu mmoja keshamkiri, imebaki kumkiri Mtume tu! Sikuuliza zaidi, machozi yalinilenga. Ijumaa nikamletea maalimu, kanzu mpya, kofia yangu ya Idi na sinia ya haluwa.

Mbele ya ofisi nzima maalimu akamshika mkono. "Haya mwanangu, tamka."

Jefwa akatukodolea macho, kisha akatoa barua ya ng'ambo. "Shikamoo, maalimu. Shahada hii ni ya chuo kikuu. Nakwenda kusomea kuendesha kazi za serikali, miaka miwili."

Miaka yote naibebea serikali barua, kumbe yenyewe husomewa!

Maalimu akanigeukia taratibu. "Na wewe, Bakari, unayo ya ngapi?"